Yai ambalo mama hakulaka

Mwaka wa kwanza kisha kupata licence yangu ya agronomia, kazi niliyopata haikuwa ya ofisi. Nilikuwa napeleka mboga kwenye nyumba moja ya wageni hapa Bukavu. Saa kumi na mbili ya asubuhi niko ku mlango wa nyuma na mfuko: tomati, biringanya, courgette, poivron, vitunguu, na mara moja moja kifungu cha poireau kutoka Kabare. Mpishi wa pale ni muzee mmoja aliyeanza kazi ya jikoni wakati wa Mobutu. Akiwa anapima mboga zangu, aliniacha nikae karibu na moto, juu asubuhi za Bukavu munazijua.

Pale njo niliona œufs cocotte kwa mara ya kwanza. Muzee anakata mboga ndogo ndogo, anazipika pole pole na mafuta kidogo mpaka maji yake yaishe, anazigawanya katika vibakuli vidogo vya udongo, anafanya shimo katikati kwa kijiko, anapasua yai ndani. Kisha anapanga vibakuli vyote katika sinia yenye maji ya moto, na sinia inaingia ndani ya furu. Dakika 12, dakika 15. Vikitoka, weupe wa yai umeshikana kama maziwa yaliyoganda, lakini kiini bado kinatikisika. Mgeni anachovya mukate ndani, anafumba macho. Ku karatasi ya bei, kibakuli kimoja kilipita bei ya mfuko wangu wote wa tomati. Niliisoma ile bei mara mbili.

Siku moja namuuliza: «Papa, Wafaransa wanakulaka hii kila asubuhi?»

Akacheka. «Mutoto wangu, Wafaransa wote niliowapikia wanaomba kahawa na mukate. Hii ni ya siku ya Mungu, ao ya mutu mwenye ana wakati.»

Wiki ile ile mama alirudi kutoka ku centre de santé. Muuguzi alimwambia damu yake ni kidogo, akamwandikia vidonge, akamwambia pia ale mayai na mboga za majani. Mama alitusimulia kama vile mutu anasimulia kichekesho. Yeye anafuga kuku tangu mbele sizaliwe. Mayai yake yanaenda Kadutu, Jumatano na Jumamosi, ndani ya plato. Minerval yangu, kuanzia G1 mpaka L2, nusu yake ilitoka kwa kuku wale. Na katika miaka ile yote, nikikumbuka vizuri, sijamuona mama na yai ndani ya sahani yake. Hata moja. Nilikuwa nimesoma lishe ya wanyama, najua kuku anahitaji protini ngapi ili atage, na sikuwahi kujiuliza mwenye kuku anakula nini.

Basi nikaanza kutafuta. Nilitaka kujua kile kibakuli cha Wafaransa kinatoka wapi, na ni nani aliruhusiwa kukila.

Tuanze na neno. Sisi Wakongomani tunasemaka déjeuner asubuhi, dîner saa sita, souper mangaribi. Mwenzetu akifika Paris na kualikwa déjeuner, anaweza kufika saa mbili ya asubuhi, akute watu wako usingizini, juu kule déjeuner ni chakula cha saa sita. Wengine wanasema sisi tuliharibu Kifaransa. Hapana, sisi tulibaki na kile cha zamani, kilichotufikia kupitia Wabelgiji. Jeûne ni mfungo, na déjeuner ni kuvunja mfungo, yaani chakula cha kwanza cha siku. Njo karibu na mwanzo wa karne ya 19 watu wa Paris, wenye kulala usiku sana na kuamka wakati wanataka, walisukuma saa zao za kula, na neno likasukumwa nazo mpaka saa sita. Asubuhi ikaachiwa kitu kidogo: petit déjeuner, kahawa na mukate. Katikati ya zote mbili kulikuwa na kitu walichoita déjeuner à la fourchette, déjeuner ya uma, ya saa nne ao saa tano, yenye nyama na mayai ya kila aina. Kwa hiyo muzee hakudanganya. Yai na mboga asubuhi, kwa Mfaransa, ni chakula cha mutu ambaye jua halimkimbizi.

Lakini lile neno mfungo lilinivuta zaidi. Juu yai na mfungo, kule Ulaya, ni kesi ndefu.

Katika karne za kati, Kanisa lilikataza katika siku 40 za Kwaresima nyama, maziwa, siagi na mayai. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, anaeleza sababu: vitu vinavyotoka kwa wanyama vinapendeza ulimi na vinalisha mwili kupita vingine, kwa hiyo njo hivyo mutu wa kufunga anapaswa kuacha. Sheria ile ilitawala jikoni kabisa. Fungua kitabu cha François Pierre de La Varenne, Le Cuisinier françois, kilichotoka mwaka 1651, kitabu kinachohesabiwa kuwa mlango wa upishi mpya wa Ufaransa. Hakikupangwa kwa asubuhi na jioni. Kimepangwa kwa sheria ya Kanisa: siku za nyama, siku zisizo na nyama, na Kwaresima. Mayai yana nafasi kubwa katika siku zisizo na nyama, kama Ijumaa za kawaida, juu pale yai njo nyama ya mutu asiye na ruhusa ya nyama. Ukifika Kwaresima, mayai yanatoweka.

Na kama kawaida, sheria ilikuwa na mlango wa nyuma. Kanisa kuu la Rouen, Normandie, lina mnara uliojengwa kuelekea mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa ile ya 16. Unaitwa mpaka leo Tour de Beurre, mnara wa siagi. Jina linatoka ku simulizi kwamba pesa za kuujenga zilitolewa na waumini waliolipa ili waruhusiwe kula siagi wakati wa Kwaresima. Mwenye pesa alikula. Asiye nayo alifunga.

Sasa mimi ni agronome, naangalia ile sheria kwa macho ya shamba. Kuku anataga kwa kufuata mwanga. Ili atage vizuri anataka kama saa 14 za mwanga kwa siku ao zaidi. Paris katika Desemba ina mchana wa saa 8 na dakika kidogo tu. Mbele ya taa za umeme, kuku wa kule walipunguza kutaga ao kuacha kabisa wakati wa baridi, na watu walihifadhi mayai ndani ya maji ya chokaa ili wapate ya miezi mibaya. Mchana ukianza kurefuka, Februari, Machi, Aprili, kuku wanaamka na mayai yanafurika. Na njo wakati ule ule Kanisa linasema: musile. Siku 40 mayai yanalundikana. Mengine yanachemshwa na kupakwa rangi mpaka Pasaka, na desturi hiyo munaijua. Lakini mengine, na hii ni mawazo yangu mimi, yanabaki chini ya kuku. Kuku wa shamba akiatamia wakati ule, vifaranga vinatoka hali ya hewa ikianza kuwa nzuri, wadudu na majani vikiwa tele. Ningeulizwa mimi kupanga wakati wa kuacha mayai yaanguliwe kule Ufaransa, ningechagua karibu miezi ile ile. Sisemi Aquinas alifikiria vifaranga. Nasema sheria iliyozungumzia roho ililinda pia banda.

Hapa kwetu, digrii mbili na nusu kusini ya ikweta, mchana ni karibu saa 12 mwaka muzima. Hatuna Machi ya mayai. Kuku wetu wa kienyeji ana kalenda yake: anataga 10 mpaka 15, anaacha, anaatamia, analea. Muweke hiyo hesabu kichwani, tutairudilia.

Kuhusu namna ya kupika. Lile sinia la maji ya moto linaitwa bain-marie, na kuko watu wanafikiri ni uvumbuzi wa mpishi fulani wa mfalme. Marie huyo, kwa mapokeo, ni Maria Myahudi, mwanamke wa Misri, mwanasayansi wa zile karne za kwanza kisha Kristo ambaye watu wa alkemia walimhesabu kama mwalimu wao. Tunamjua hasa kwa njia ya Zosimos wa Panopolis, mji wa Misri pia, aliyeandika karibu mwaka 300 na kumtaja mara nyingi. Wao hawakupika mayai. Walipasha dawa na metali ambazo moto wa wazi ungeziharibu. Siri ni moja tu: maji yakishachemka hayaongezeki moto. Ukiyatia mafuta moto mkali, yanapita digrii 200. Maji yanagota ku 100, na hapa Bukavu, karibu mita 1500 juu ya bahari, yanagota ku 95 hivi. Weupe wa yai unaanza kushikana kama ku digrii 62, kiini kama ku 65 mpaka 70. Kati ya moto wa makala na yai laini kunahitajika mutu wa kuamua ugomvi, na mutu huyo ni maji. Kwa hiyo déjeuner ya Kifaransa inayouzwa ghali hapa inatumia ufundi ambao mapokeo yanasema ulizaliwa Afrika, wenye jina la mwanamke. Sikutegemea hiyo.

Na furu? Hapa pia nilishangaa. Kwa muda mrefu jikoni nyingi za Ufaransa hazikuwa na furu ndani. Furu ya mukate ilikuwa ya mji ao ya bwana mwenye shamba. Nyumbani mutu alikuwa na moto wa kuni na makala tu. Vitabu vya zamani vinasema mara nyingi: feu dessus, feu dessous, moto juu, moto chini. Maana yake unaweka chungu juu ya makala, unafunika, halafu unapanga makala mengine juu ya kifuniko. Kulikuwa hata na kifuniko maalum kwa kazi hiyo, kiliitwa four de campagne, furu ya shamba. Sasa, ni nani kati yetu hajaona mama wa mtaa akipika gato ku mbabula na sufuria, makala chini, makala juu ya kifuniko? Tunasemaka anafanya hivyo juu hana cuisinière ya umeme. Kumbe njo namna yenyewe.

Kuhusu mboga nitaenda haraka, hata kama njo somo langu. Angalia ndani ya kibakuli: tomati, poivron na courgette ni mimea ya Amerika, haikujulikana Ulaya mbele ya 1492. Biringanya ilitoka Asia, ikafika Mediterania kwa mikono ya Waarabu. Katika mboga zote zile, hakuna hata moja iliyozaliwa Ufaransa. Na Wafaransa wa kaskazini hawakuzipokea kwa mikono miwili. Nyumba ya mbegu ya Andrieux, ambayo kisha iliitwa Vilmorin-Andrieux na ambayo jina lake munaliona mpaka leo ku maboksi ya mbegu, iliiweka tomati katika katalogi yake ya 1760 kati ya maua ya kupamba. Njo katika ile ya 1778 ilihamia upande wa mboga za kula. Miaka 18 ya kuwa ua! Wakati mwingine wakulima wetu wakikataa mbegu mpya, sisi wasomi tunasemaka wana vichwa vigumu. Nikiwaza Paris ya 1760, ninatulia.

Hata ratatouille, ile mchanganyo wa biringanya, courgette, poivron na tomati ambayo leo inawekwa ku sahani nyeupe na jani moja juu, jina lake halikuwa la heshima. Zamani neno hilo lilimaanisha mchuzi mbaya wa kuchanganya ovyo, na askari wa Ufaransa walilikata wakabaki na rata, yaani chakula cha kambini. Ukipasua yai juu ya mchuzi wa aina ile, una ndugu wa pipérade ya Wabasque na wa chakchouka ya Tunisia. Watu wengi wa bahari ile ya kati wanakula hivyo.

Zilifikaje hapa kwetu? Wakati Bukavu iliitwa bado Costermansville, walowezi wa Kibelgiji walishika ardhi ya juu ya Kivu juu ya baridi yake. INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa 1933, lilikuwa na kituo ku Mulungu, ambacho leo ni cha INERA, na wengi wenu mulifanya stage pale. Kazi kubwa ilikuwa kahawa, chai na quinquina. Lakini nyuma ya nyumba ya mlowezi kulikuwa na bustani: poireau, shu, karoti, seleri. Mutu wa Kabare alizilima na mpishi Mkongomani alizipika. Muzee wangu wa ile nyumba ya wageni alifundishwa na mpishi aliyekuwa amefanya kazi kwa Wabelgiji. Yeye mwenyewe ananiambia: «Mwalimu wangu alijua kupika mayai kwa namna 20. Ku nyumba yake walikula bugali na sombe.» Alisema hivyo bila uchungu, kama mutu anayeeleza sheria ya trafiki.

Sasa turudi kwetu, ku yai letu.

Nilipokuwa mutoto nilisikia mama yake na mama akisema mambo mawili kuhusu mayai. La kwanza: mutoto anayekula mayai atakuwa mwizi. La pili, lililosemwa kwa sauti ya chini: mwanamke anayekula mayai anaharibu uzazi wake. Wengi wenu mulisikia hivyo ao kitu cha namna ile. Si letu peke yetu. Frederick Simoons, mwanajiografia Mmarekani, alitoa kitabu mwaka 1961 kuhusu vyakula vinavyokatazwa katika Afrika na Asia, na kuku na mayai vina sura yao mule. Mahali pengi vilikatazwa, na mahali pengi waliokatazwa ni wanawake.

Ku université tulifundishwa kuita mambo yale ujinga unaozuia lishe bora. Ilikuwa ndani ya syllabus, mustari mbili, tukaandika, tukapita. Leo siwezi tena kuandika ile mistari bila kuongeza kitu. Chukua ile hesabu ya kuku wa kienyeji. Anataga mayai 12. Ukimwacha aatamie, tuseme yanatoka 9. Pseudopeste ikipita, mwewe akipita, mvua ikipita, unabaki na 3 ao 4 wanaokua. Sasa toa mayai 5 mwanzoni kwa kula: huwezi kubaki na kitu. Kwa mutu mwenye kuku 4, yai ni mbegu. Nani anakula mbegu? Kukataza watoto wasiyaguse, kwa kuwaambia watakuwa wezi, ni akili ya shamba iliyovaa nguo ya kutisha. Ni Kwaresima isiyo na tarehe.

Lakini hapa njo ninagombana na wakubwa wetu. Kule Ulaya sheria ilisema ni wakati gani watu wasile. Kwetu sheria ilisema ni nani asile. Siku 40 zinaisha, uanamke hauishi. Mgeni alipofika, yai lilikuwa lake. Mwenye nyumba naye aliweza kupata. Mwenye mimba, mwenye kunyonyesha, mutoto wa miaka miwili, yaani wale ambao mwili wao unadai protini kupita wote, njo walibebeshwa kazi ya kulinda banda. Mbegu ililindwa, sawa, lakini bei ililipwa na upande mumoja.

Jumapili moja nikaamua. Nilichukua tomati 2, biringanya ndogo 1, nusu ya poivron, kitunguu 1, na kiganja cha lenga-lenga, ambayo Mfaransa hana lakini centre de santé ilitaja majani. Mafuta kijiko kimoja. Muzee anatiaga crème juu ya yai. Mimi sikutia, haiko ya bei yangu na mama hana haja nayo. Na niseme ukweli wa kitaalam hapa: yai peke yake si dawa ya damu. Lina protini nzuri, kama gramu 6, lina vitamini A, lakini chuma chake mwili unakipokea kwa shida. Tomati na poivron vina vitamini C inayosaidia kupokea chuma cha majani, hata kama moto unapunguza kidogo. Vidonge vya muuguzi vinabaki vidonge. Usimwambie mama yako aviache juu ulisoma hapa kuhusu œufs cocotte.

Mayai 4 niliyatoa ndani ya plato ya Jumatano. Mama alikuwa mlangoni.

«Mayai ine?» anauliza.

«Ndiyo, mama.»

«Ine ni franka elfu mbili. Unajua?»

«Najua, mama.»

«Njo ulisomea ile?» Akaenda kukaa ku kiti chake, akaniangalia kama mutu anaangalia fundi asiyemwamini.

Vibakuli vya udongo hatuna. Nilitumia vibakuli vine vidogo vya chuma, nikavipanga ndani ya sufuria kubwa, maji vidole viwili, kifuniko, makala juu. Mara ya kwanza niliharibu. Makala ya chini yalikuwa mengi, maji yalichemka kwa nguvu na kuingia ndani ya vibakuli viwili, na kiini kikakauka kama cha yai la kuchemsha la ku barabara. Mama hakusema kitu, na hiyo ilikuwa mbaya kupita kusema. Vibakuli viwili vya mwisho nilingojea moto upungue. Maji yakawa yanatetemeka tu. Makala sita madogo juu ya kifuniko. Dakika 14.

Nikaweka kimoja mbele yake na kipande cha mukate. Mdogo wangu wa kike akasogea karibu. Mama aliangalia kile kibakuli muda mrefu. Kisha nikamuuliza swali ambalo sijawahi kumuuliza: «Mama, ni mama yako njo alikukatazaka mayai?»

«Yeye alikatazwa,» anasema. «Miye hakuna mutu alinikataza. Miye nilikuwa nahesabu tu.»

Alichovya mukate. Akala. Nilitegemea aseme ni tamu ao si tamu. Aliuliza: «Kule kwa wageni wanaiuzaka ngapi?»

Nikamwambia. Akaacha kutafuna. Akaniomba nirudilie ile bei, nikarudilia, na akaanza kuhesabu ku vidole: yai, tomati, makala. Nusu ya kibakuli alimsogezea mdogo wangu, mimi nikaona basi, tumerudi kule kule. Lakini mdogo wangu alipomaliza, mama alivuta kibakuli, akapangusa chini yake na mukate uliobaki, akakula.

Jumatano asubuhi nilibeba plato kumsindikiza Kadutu. Ilikuwa nyepesi, nikahesabu: 28.

«Mama, inapunguka mbili.»

«Ile mbili ni ya mangaribi,» anasema bila kugeuka. «Na leo makala utaweka kidogo. Usiharibu tena.»